Kioo Kilichofifia Msibani

Wapendwa, naona wengine mmeshaanza kutafuta ukurasa wa wimbo wa mwisho. Fungeni kwanza. Bado sijawaachia. Nina mfano mmoja, si mrefu sana, ila unachoma.

Palikuwa na bwana mmoja, msomi, mtu wa ofisi na tai, aliyefiwa na mama yake. Tumwite Ambakisye. Wala msianze kugeuza shingo kuangalia nani kakaa benchi gani. Hapa kwetu simjui mwenye jina hilo, na hata angekuwapo, mfano huu usingekuwa wake peke yake.

Mama huyo alizaa watoto wanne, na Ambakisye alikuwa wa pili. Mtoto wa tano hakumzaa. Jirani yake mmoja alifariki siku aliyojifungua, akaacha kichanga kinalia ndani, na watu wamesimama mlangoni wanajadiliana kitapelekwa wapi. Mama huyu mvi zilishaanza kumtoka, na kanga zake za kubebea watoto alikuwa amekwisha kuzigawa. Akayasikiliza yale majadiliano mpaka akachoka. Akaingia ndani, akakichukua kile kichanga, akakifunga mgongoni kwa shuka, akaondoka nacho bila kuaga mtu. Akamwita Tusekile, yaani, kwa lugha ya kwao, tumefurahi.

Tuseme kweli, si wote waliofurahi. Midomo ya watu mnaijua. Kuna shangazi wa ukoo aliyemwita yule binti "wa kuokota" mpaka siku binti anapata kipaimara. Lakini Mama mwenyewe akiulizwa ana watoto wangapi alijibu "watano" pale pale, wala hakuwa mtu wa kutoa maelezo.

Wale wanne wakasoma, wakapata kazi, wakaenda zao mijini. Tusekile akabaki. Mama alipopigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalala, Tusekile ndiye akawa mkono na mguu. Alimlisha, alimgeuza, alimwogesha, alimpeleka kliniki kwa bodaboda huku amemkumbatia kwa nyuma asianguke. Wale wa mjini walituma salamu, na dawa walituma, tusiwanyime haki yao. Lakini salamu haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Krismasi moja wote wakaja nyumbani. Wakala, wakapiga picha, wakaanza kufunga mizigo. Mama akamwita Ambakisye karibu na kitanda. Tusekile alikuwa pale pale, kikombe cha uji mkononi.

"Ambakisye mwanangu," Mama akasema, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida upande mmoja wa mdomo, "wewe ndiye mwenye maneno. Siku yangu ikifika, utasimama wewe usome habari zangu. Waambie watu nina watoto watano. Usije ukanipunguzia mtoto mbele ya watu."

"Jamani Mama, hilo nalo la kuniambia?"

"La kukuambia. Ndiyo maana nakuambia."

"Haya Mama. Watano. Nimekuahidi."

Tusekile akajifanya anapuliza uji. Lakini alisikia. Mtu mzima yule, hajawahi kuomba kitu katika nyumba ile, na siku hiyo alipewa kitu kimoja cha kungojea. Mnaelewa ni kitu gani? Kwetu sisi, historia ya marehemu ikishasomwa msibani, imesomwa. Atakayetajwa pale kuwa mtoto ni mtoto, na shangazi atafunga mdomo wake. Asiyetajwa atajitetea maisha yake yote.

Basi Mama akalala. Ilikuwa wakati wa palizi, mwaka uliofuata.

Watoto wakaja. Mchana wa siku ya kwanza ya msiba Ambakisye akajifungia chumbani kwa Mama, akasogeza meza karibu na soketi, akachomeka laptop yake, akaanza kuandika. Na kwa kuwa hakuwa ameishi na Mama tangu amalize darasa la saba, kila baada ya mistari miwili alikuwa anaita.

"Tusekile! Hivi Mama alibatizwa wapi?"

Tusekile anakuja, mikono ina unga, anasimama mlangoni, anajibu. Anarudi jikoni. Hajafika kwenye sufuria anaitwa tena.

"Tusekile! Kiharusi kilimpata akiwa anafanya nini?"

"Alikuwa anachambua maharage, kaka. Akaniambia, Tuse, mbona mkono umekuwa mzito."

Ambakisye akaandika: alikuwa anachambua maharage. Maneno yakamkaa vizuri. Wimbo aliokuwa akiupenda Mama, siku alizokuwa akifunga na kuomba, mtu aliyemshika mkono saa ya mwisho, yote aliyapata mlangoni pale. Aliandika kwa kinywa cha Tusekile, naye Tusekile akamletea chai ili aendelee kuandika.

"Kioo chako kinawaka hivyo," Tusekile akasema alipoweka kikombe, "hakikuumizi macho?"

Mnajua furaha ya msomi akiulizwa kitu anachokijua. Ambakisye akageuka na kiti chake.

"Hii ina akili, dada. Nimeiwekea mipango miwili. Ikiwa kwenye umeme wa ukutani, mwanga unakuwa wote, haubani kitu. Nikichomoa tu, ikianza kula betri, inajipunguza yenyewe mpaka chini kabisa. Isije ikaniishia njiani."

Akachomoa waya ili amwonyeshe. Kioo kikafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Akachomeka, kikarudi kuwaka.

"Na ukitaka kuona huko njiani, kaka?"

Akacheka. "Njiani sina cha kusoma. Nitaenda stesheneri, nitaprinti."

Asubuhi ya maziko umeme ukakatika. Mji mzima. Ambakisye akakimbilia stesheneri, akamkuta mwenye duka amekaa nje juu ya kreti la soda, mashine zote zimelala. Akarudi nyumbani, akavaa tai, akawaambia ndugu zake, "Msijali. Nitasoma humu humu kwenye laptop." Na ukiangalia alivyokuwa ameibeba kwapani, utasema afadhali hata umeme ulivyokatika, watu wataona.

Sasa vuteni picha. Saa sita mchana. Jeneza liko uani, waombolezaji wako chini ya turubai, na msomaji anasimama nje ya turubai, kando ya jeneza, jua la utosi. Hakuna meza. Laptop imefunguliwa juu ya kiganja cha kushoto, kama mhudumu aliyebeba sinia. Kipaza sauti kiko mkono wa kulia. Mkuu wake wa kazi ametoka mjini na wenzake wawili, wamekaa mstari wa mbele.

Ambakisye akainamisha macho asome. Akaona uso wake mwenyewe na fundo la tai yake.

Akaigeuza laptop upande huu, akaigeuza upande ule. Hakuna neno. Ule mwanga alioupunguza kwa akili zake mwenyewe, mchana ule ulikuwa si kitu. Kitufe cha kuongeza mwanga kilikuwapo, juu kabisa, alikijua hata akifumba macho. Kilihitaji kidole kimoja tu. Lakini mkono huu una laptop, mkono ule una kipaza.

Tusekile alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake. Akaona. Akasogea, akanong'ona, "Kaka, lete kipaza nikushikie."

Ambakisye akatikisa kichwa.

Kwa nini alikataa? Mimi nawauliza ninyi, kwa sababu mnajua. Alikataa kwa ajili ya ule mstari wa mbele. Aliona haya. Msomi mzima, ameshindwa na kompyuta yake hadharani, mpaka aje aokolewe na mtu wa jikoni mwenye kanga yenye masizi! Afadhali afe na tai yake shingoni. Basi akajikaza, akakitazama kile kioo cheusi, akaanza kusoma.

Hakuwa anasoma. Alikuwa anakumbuka, na pale asipokumbuka alikuwa anatunga. Ili watu waamini, kila baada ya muda alikohoa kidogo, kama mtu anayefungua ukurasa mpya. Jasho jembamba likawa linamtiririka nyuma ya shingo. Siku ya ubatizo akaibuni. Maharage aliyasahau. Ule wimbo akaupa jina la wimbo mwingine, na wanakwaya wakatazamana. Kisha akafika mahali ambapo kila historia ya marehemu lazima ifike.

"Marehemu ameacha watoto..."

Akasita. Hofu ilikuwa imemjaa mpaka ukingoni, na mtu mwenye hofu hushika lililo karibu na ulimi.

"Ameacha watoto wanne."

Akawataja, mmoja mmoja, na kazi zao, na miji wanayoishi. Huyu muuguzi, huyu mhandisi. Chini ya turubai pakapita mnong'ono, ukazimika. Ambakisye aliusikia. Alijua mara ile ile alichosema. Alikuwa bado na kipaza mkononi. Neno moja tu, "samahani, ni watano," lingetosha, na nani angemcheka? Lakini akisahihisha, watu watajua hakuwa anasoma. Akafunga laptop, akasema amina.

Makaburini, udongo uliporudishwa, msemaji wa msiba akaita, "Watoto wa marehemu, wote wanne, wajongee waweke mashada."

Tusekile alikuwa na maua yake. Hakuyanunua, aliyakata asubuhi kwenye ua wa Mama, akayafunga kwa kipande cha kanga ya Mama. Alikuwa ameshanyanyua mguu. Aliposikia "wote wanne" akaurudisha. Akaangalia huku na huku, akamwona mjukuu mmoja mdogo, akainama akampa yale maua. "Kamwekee Bibi," akamwambia. Kisha akaenda kusimama na wapishi.

Ambakisye aliona yote. Aliona mguu ukinyanyuka, akauona ukirudi. Aibu ilimshika. Akajiambia moyoni, nitamweleza baadaye. Ndugu zangu, hilo neno baadaye, limeshazika watu wengi kuliko koleo.

Mchana kutwa akatafuta pa kuitua ile aibu. Akamwambia dada yake mkubwa, "Kompyuta imeniangusha." Dada akamfariji, akasema watu wanaelewa. Akamwambia mkuu wake wa kazi, "Hizi mashine, mzee, ukiwa kwa betri zinabana mwanga." Mkuu akacheka kwa upole, akasema hata kwake imewahi kutokea. Akaendelea kusema, kwa huyu na kwa yule, na kila aliposema aibu ilipungua kidogo. Kufika alasiri alikuwa ameamini kabisa. Kosa ni la mwanga. Jina la Tusekile limo humo ndani, yeye mwenyewe aliliandika, alikumbuka hata vidole vyake vilivyoligusa. Ni kwamba tu hakuliona.

Jua linatua, umeme ukarudi. Taa zikawaka nyumba nzima, watoto wakapiga kelele ya furaha. Ambakisye hakungoja. Akaingia chumbani kwa Mama, akachomeka laptop kwenye ile ile soketi, kioo kikawaka kweupe. Akachungulia dirishani. Tusekile alikuwa uani anasugua masufuria ya wageni.

"Dada! Dada Tusekile, njoo. Njoo nikuonyeshe kitu."

Akaja, anajifuta mikono.

"Najua leo umeumia," Ambakisye akasema. "Nisamehe. Lakini usidhani tulikuacha. Jina lako limo. Betri ndiyo iliyoniponza, kioo kilififia nikawa sioni. Tazama mwenyewe, usinisikilize mimi."

"Sijasema kitu, kaka."

"Tazama tu."

Akaanza kushusha maandishi. Tusekile akasimama nyuma ya kiti. Ubatizo ulikuwapo. Maharage yalikuwapo, na mkono uliokuwa mzito, vilevile kama alivyosema mlangoni. Kidole cha Ambakisye kikashuka mpaka kwenye mstari wa watoto, kikakwama hapo.

Marehemu ameacha watoto wanne.

Majina manne. Kazi nne. Akapandisha maandishi juu, akayashusha tena, kana kwamba mstari ungeona huruma ugeuke. Haukugeuka. Mwanga ulikuwa wote, hakuna herufi iliyokuwa na pa kujificha.

"Shuka chini, kaka," Tusekile akasema taratibu. "Kuna jina langu pale."

Akashuka. Lilikuwapo kweli. Mwisho kabisa, kwenye shukrani. Familia inawashukuru wazee wa kanisa, na kwaya, na majirani waliotuazima turubai, na viti, na Tusekile kwa kumhudumia marehemu na kupikia wageni.

Tusekile akalisoma lote, taratibu, midomo yake ikitembea.

"Kumbe nipo," akasema. "Nipo baada ya viti."

Wapendwa, mnaisikia hiyo? Yule bwana alitamani sakafu ipasuke. Mchana kutwa alikuwa anailaumu betri, analaumu jua, analaumu mwenye stesheneri. Na sasa mwanga huu hapa, wote, wa ukutani, haubani kitu. Ndio mwanga ule ule aliokuwa nao alipoandika. Aliandika "wanne" akiwa anaona vizuri kabisa. Aliandika "wanne" na mtu wa tano amesimama mlangoni na chai yake. Hakuwa na chuki, wala hakudhamiria, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angekuwa na chuki angejua la kutubu. Yeye vidole vyake tu ndivyo vilivyoandika kile ambacho moyo ulikuwa unahesabu miaka yote.

Akafuta "wanne", akaandika "watano". Akaongeza jina. Akalitoa lile la kwenye viti.

"Nimesahihisha, dada. Ona. Nimesahihisha."

"Nimeona." Sauti yake haikuwa na hasira, na Ambakisye angeshukuru kama ingekuwa nayo. "Andika tu, kaka. Lakini watu wameshaondoka."

Akatoka, akarudi kwenye masufuria.

Mtaniuliza, Mchungaji, ikaishaje? Asubuhi wakakutana kuanua matanga. Ambakisye akasimama, safari hii mikono mitupu. Hakuwa amelala. Akasema, "Jana nilisema Mama ameacha watoto wanne. Nilikosea. Ni watano, na Tusekile ni wetu." Akalia mbele yao, tai hana. Ilikuwa vizuri. Lakini mkuu wa kazi alishaondoka, na wa vijiji vya jirani walishaondoka, na shangazi naye alishapanda basi na "wanne" yake mdomoni. Baba yao mdogo, mzee mmoja aliyebaki, akamwambia, "Sisi mwanangu tulijua ni watano. Ulipotaja wanne tukadhani ndivyo mlivyokubaliana, tukanyamaza." Na Tusekile mwenyewe hakumsikia kaka yake akisema. Alikuwa jikoni, anawapikia chai.

Sasa tuje kwetu.

Najua wengine mlishaanza kuuonja mwisho wa mfano huu tangu laptop ilipofifia. Mlijisemea, Mchungaji atatuambia tuchomeke waya zetu kwa Bwana, tuache kuishi kwa betri, mwanga uongezeke. Ningeweza kuhubiri hivyo, mkasema amina, tukaenda kula. Lakini angalieni vizuri. Mwanga ulipoongezeka, haukumwokoa Ambakisye. Ulimwonyesha. Ile laptop haikumkosea mtu. Iliagizwa ikiwa kwa betri ififie, ikafifia. Iliagizwa kwenye umeme iwake, ikawaka. Haikuandika neno hata moja lililokuwa lake.

Sisi ni hodari wa kulaumu betri. Sikumtembelea mgonjwa, ni kazi nyingi. Sikumtetea yule mfanyakazi, niliishiwa nguvu. Sikumtaja mke wangu niliposimama kushukuru siku ya kipaimara cha mtoto, nilisahau tu, ni ile haraka. Sawa. Haraka imekwisha leo. Umekaa, umetulia, hakuna anayekufukuza. Fungua basi moyo wako hapo ulipo, mwanga wote, ushushe taratibu mpaka kwenye mstari wa watu wako. Aliyekulea yuko hapo? Mama mkwe anayekaa na wanao ili wewe uende kazini, umemwandika wapi? Au yuko chini kabisa, kwenye shukrani, baada ya viti?

Inatia aibu, eeh? Naona mnaangalia chini. Msiikimbie hiyo aibu, wala msiende kuigawa kwa dada mkubwa na kwa mkuu wa kazi mpaka iishe. Ambakisye aliigawa mchana kutwa, na mchana huo ndio watu walipokuwa wanaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki. Ulichokisema hadharani huwezi kukisahihisha chumbani, ukamwita mtu mmoja aje aone kwenye kioo. Unamrudia mbele ya wale wale waliokusikia, ukiwa mikono mitupu, na ukimaliza, hata mtu yule akikuomba chumvi mezani kama kawaida, usidhani amesahau.

Mwenzetu alichelewa kwa mchana mmoja tu. Sisi je? Wengine wetu Mama bado hajalala. Wengine yule wa tano amekaa humu humu, benchi la nyuma, amezoea, wala hangojei tena kutajwa. Na wote waliotusikia tukisema wanne, wapo. Hawajapanda basi. Nimewazuia makusudi, wimbo wa mwisho bado haujaimbwa, na mlango nimemwambia mzee wa kanisa aufunge.

Nina kipaza sauti hapa, na mikono yangu yote miwili haina kitu. Mwenye jina la kulitaja, asimame.